Tuombeje fedha za ndege kutoka ng'ambo, na wazee wanauliza maji?

*Swali:* Shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake na vijana eneo la Marafa, pembeni mwa msitu wa Dakatcha, Kaunti ya Kilifi. Tuko watu 22, tumesajiliwa, tunafuga nyuki na tuna kitalu cha miche. Tumesikia kwamba Ulaya kuna mashirika madogo ya hisani yanayotoa fedha za kuhifadhi ndege katika nchi nyingine. Tungependa kuomba. Wanataka nini hasa? Tukipewa, watakuja kutuamrisha juu ya ardhi yetu? Na wazee wetu wanauliza swali ambalo sina jibu lake: kwa nini ndege apewe pesa wakati sisi tunatafuta maji kwa mguu?

*Jibu:* Marahaba, katibu. Naanza na swali la wazee, maana hayo mengine mawili ni ya karatasi na yana majibu. Hili likibaki bila jibu, kikundi kitagawanyika hata kabla shilingi haijafika.

Shirika la hisani la Uingereza husajiliwa kwa madhumuni maalumu yaliyoandikwa kwenye katiba yake. Likisajiliwa kwa ajili ya ndege, wadhamini wake hawana ruhusa ya kuchimba kisima kwa fedha hiyo, hata wawe na huruma ya namna gani. Fedha ikitumika nje ya madhumuni, sheria ya huko inawashika wao wenyewe. Waambie wazee kwamba hakuna aliyekaa mezani akamchagua ndege, akamwacha mama na ndoo yake. Aliyechanga alichanga kwa ajili ya ndege tangu mwanzo. Fedha ya maji iko kwenye mifuko mingine, na wa kwanza kudaiwa ni serikali ya kaunti, maana maji ni jukumu lake kikatiba. Idaini huko, na muidai kwa sauti. Ninachokusihi ni kutochukua ombi la kisima mkalivisha manyoya. Wanaosoma maombi haya wamewahi kuyaona mengi ya namna hiyo, na hulijua kwa aya ya kwanza.

Lakini kwenu kuna jambo ambalo nadhani wazee hawajaelezwa vizuri. Mnaye kwera wa Kilifi, *Ploceus golandi*, yule dume mwenye kichwa na mgongo mweusi na tumbo la njano, anayepita kwa makundi juu ya miti ya mirihi. Ndege huyu hayuko Tanzania, hayuko Somalia, hayuko hata Kwale. Dunia nzima anaishi katika kaunti yenu peke yake, kwenye misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Wanasayansi walimwandika mwaka 1913, na kwa miaka mia moja hakuna aliyeweza kueleza anataga wapi. Watu walimtafuta Arabuko-Sokoke wakachoka. Viota vikapatikana mwaka 2013, kwenu Dakatcha, katika bwawa la msimu lililojaa mvua, vimefungwa kwenye majani yaliyosimama majini. Waliovipata ni watu wa shirika la uhifadhi la Nature Kenya waliokuwa wakitembea na wanakikundi wa Dakatcha wenyewe.

Fikiria maana yake. Ndege huyu anakula juu ya mirihi na anataga kwenye maji ya mvua. Mirihi ikigeuzwa mkaa, au nanasi likilimwa hadi ukingoni mwa bwawa, amepoteza kimoja kati ya viwili, na kimoja bila kingine hakimfai. Na bwawa lile lile ndilo mbuzi wa wazee wanalonywea. Shamba la juu likiachwa tupu, mvua inateremsha udongo, bwawa linajaa tope na kukauka mapema, na anayeumia kwanza ni mfugaji. Sisemi fedha ya ndege italeta bomba nyumbani, maana haitaleta. Nasema inaweza kulipia kazi ya kulitunza bwawa ambalo ndege na mfugaji wanalitegemea wote. Hilo unaweza kulisimamia mbele ya baraza, chifu akiwepo, bila kuongeza chumvi.

Wazee wakitaka mfano wa karibu, wapeleke Mida au Gede. Kando ya Arabuko-Sokoke, shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya lina mpango unaoitwa ASSETS unaolipa sehemu ya karo ya sekondari kwa watoto wa familia zinazopakana na msitu na hori la Mida. Sehemu ya fedha hutoka kwa wageni wanaolipa kutembea kwenye daraja la mbao lililopita juu ya mikoko hadi kibanda cha kuangalia ndege. Mzazi anajua kabisa kwamba karo ile imetokana na msitu kuwa bado upo. Mradi wa Kipepeo pale Gede ulianza mwaka 1993 kwa wazo la aina hiyo: mkulima anafuga viwavi, anauza pupa kwa nyumba za maonyesho za Ulaya, na kipepeo hawezi kupatikana bila miti yake. Hakuna aliyewahubiria watu hao kwamba ndege ni bora kuliko binadamu. Waliona hesabu wenyewe.

Sasa hawa wafadhili ni akina nani? Ukisikia shirika la ng'ambo, akili inakimbilia jengo kubwa na magari meupe. Haya madogo hayako hivyo. Chukua African Bird Club, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1994 na watu wapendao ndege wa Afrika. Inaendeshwa na wanaojitolea. Wanachama wanalipa ada, wanapata jarida, wengine wanaongeza mchango, na kutoka hapo unatengwa mfuko wa kusaidia miradi midogo barani Afrika. Bara Asia lina mwenzake, Oriental Bird Club, ya mwaka 1984. Mwalimu mstaafu anachanga pauni kumi. Akiwa analipa kodi Uingereza, serikali yake inaongeza peni 25, yaani robo pauni, kwa kila pauni aliyotoa. Ndivyo mfuko unavyojaa, polepole. Ruzuku zao za kawaida ni za maelfu machache ya pauni. Anayesoma ombi lako ana kazi yake ya mchana, na pengine analisoma jioni, akiwa na mengine kadhaa pembeni.

Nakueleza hayo ili uone kwa nini ombi la kurasa 40 linawachosha, na kwa nini wanauliza sana kuhusu vitu vidogo. Mfuko wa shilingi milioni mia unaweza kupoteza laki tatu usitikisike. Kwao laki tatu ni ada za watu wengi, na wale wachangaji wataulizia kwenye mkutano wa mwaka.

Na usidharau udogo huo. Mwaka 1968 shirika lililokuja kuitwa BirdLife International, wakati huo likiwa ofisi ndogo isiyo na fedha, lilichangisha na kununua kisiwa cha Cousin huko Shelisheli. Kilikuwa shamba la minazi. Walikitaka kwa sababu ya aina moja ya ndege mdogo mla wadudu, ambao walikuwa wamebaki chini ya 30 duniani kote, wote juu ya kisiwa hicho. Kazi yenyewe haikuwa na maajabu: waliacha kuendeleza minazi, miti ya asili ikarudi, wadudu wakarudi, ndege wakaongezeka. Kuanzia 1988 walihamisha baadhi kwenda visiwa vingine. Leo ni maelfu. Na tangu 1998 kisiwa kinaendeshwa na Nature Seychelles, shirika la wenyeji, na wageni wanaokuja kutembea wanasaidia kulipia gharama. Kazi ilikuwa moja, ilianzia mahali pamoja tu, na mwishowe ikashikwa na watu wa pale.

Hapo ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo. Nimesoma maombi ya aina hii kwa upande wa wanaotoa, na nimetembea na vikundi kwa upande wa wanaoomba. Kwa macho yangu, mashirika madogo huwapa watu ambao tayari wameanza. Kikundi kinachosema "tukipewa darubini tutaanza kuhesabu" kinashindwa na kikundi kilichohesabu kwa macho matupu msimu mzima, kikaandika kwenye daftari la shule, na sasa kinaomba darubini kwa sababu ndege wa juu ya mrihi hawaonekani vizuri. Wa kwanza anaomba kuaminiwa. Wa pili ameshatoa sababu ya kuaminiwa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni msiombe kesho. Hesabuni kwanza. Kati yenu 22 chagueni watu sita wenye miguu na subira. Kila wiki wapite mabwawa yale yale, saa zile zile za asubuhi, waandike tarehe, jina la bwawa, maji yako kiwango gani, kwera waliowaona, viota kama vipo, mifugo kama iliingia. Siku ambayo hawakuona kitu waandike "hatukuona". Sifuri ni takwimu kamili. Daftari lisilo na sifuri hata moja humtia shaka mtu anayeijua kazi hii. Mkiwa na simu nzuri moja kwenye kikundi, jiungeni pia na Kenya Bird Map, ambapo mtu yeyote anaandikisha ndege aliowaona ndani ya mraba uliopimwa kwenye ramani. Mkifanya hivyo, kazi yenu inaingia kwenye kumbukumbu za taifa, na mfadhili anaweza kuiona kabla hata hujamwandikia.

Kitu kimoja cha tahadhari: kuhesabu kwa macho kwenye ardhi yenu ni sawa, lakini kumkamata ndege na kumvisha pete, au kuchukua sampuli yoyote, kunahitaji vibali vya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na vya mamlaka ya wanyamapori. Msiguse viota. Kumbukeni pia kwamba kwera anayetaga akisumbuliwa mara kwa mara anaweza kuhama. Simameni mbali.

Ukifika kuandika, andika kitu kinachoweza kuonekana. Naona sana sentensi kama hii: "Mradi utaimarisha uhifadhi wa bayoanuwai na kuboresha maisha ya jamii kwa njia endelevu." Hakuna atakayekataa maneno hayo, na hakuna atakayeyalipia. Linganisha na hii: "Kuanzia Machi hadi Juni tutatembelea mabwawa tisa kila wiki, tutahesabu viota vya kwera, na tutakubaliana na wenye mifugo wa mabwawa mawili yenye viota vingi kwamba mifugo inywe upande wa kusini hadi makinda yaruke." Aliye Norwich au Bristol, huko Uingereza, anaweza kuliona bwawa lile kichwani mwake. Na miezi sita baadaye anaweza kukuuliza: mlitembelea mangapi? Sentensi ya kwanza haimpi hata swali la kuuliza.

Fomu zitakuwa kwa Kiingereza. Mwombe mwalimu wa sekondari awasaidie, lakini kaeni naye na mumzuie asiibadilishe kazi yenu kuwa maneno makubwa. Kiingereza cha kawaida chenye mambo ya kweli kinatosha kabisa.

Bajeti ndiyo wanayoisoma kwa makini kuliko kitu kingine. Tuseme mnaomba pauni 2,000, nazo zikiingia benki zinakuwa kama shilingi 340,000. Darubini tatu za 8x42, zile zinazofaa asubuhi yenye mwanga hafifu, kwa shilingi 25,000 kila moja: 75,000. Posho ya chakula na kufidia nusu siku ya shamba kwa watu sita, siku 24, kwa 1,000: 144,000. Boda mbili kwa siku hizo 24, kwa 800 kila moja: 38,400. Vikao vitatu na wenye ardhi na wenye mifugo, chai na chakula cha mchana, 15,000 kwa kikao: 45,000. Mtu kutoka Nature Kenya au Makumbusho ya Taifa aje siku mbili kuwafundisha kumtofautisha kwera wa Kilifi na jamaa zake, nauli na malazi: 30,000. Bando za simu na makato ya benki: 7,600. Jumlisha, utapata 340,000 kamili. Bei mtazirekebisha kwa za kwenu, ila angalia sura yake. Hakuna mshahara wa mwenyekiti, hakuna pikipiki, hakuna kompyuta, hakuna "gharama nyinginezo". Na sehemu kubwa inaishia mifukoni mwa watu wa Dakatcha kwa kazi inayoonekana. Onyesha pia mnachoweka nyinyi: muda wa watu, sehemu ya kukutania, miche ya kitalu chenu. Wafadhili wadogo wanaheshimu sana hilo.

Mtaulizwa barua ya kuwatambulisha. Usiende kwa mwanasiasa. Nenda kwa mtu wa ndege: Nature Kenya, ambayo chanzo chake ni chama cha mambo ya asili cha mwaka 1909, au idara ya ndege ya Makumbusho, au A Rocha Kenya pale Watamu. Wawaone kwanza, watembee nanyi asubuhi moja, ndipo waandike. Barua ya mtu aliyetembea nanyi ina uzito kuliko mihuri mitano ya ofisi.

Kuhusu kuamrishwa, naelewa hofu yenu, na kwenu ina historia. Miaka ya nyuma kampuni ya kigeni ilitaka kulima mbono kaburi (jatropha) kwa ajili ya mafuta kwenye eneo la hekta 50,000 hapo Dakatcha. Waliopinga walikuwa wanavijiji pamoja na mashirika ya uhifadhi na ya haki za watu, na mwishowe NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikaukataa mpango huo. Kilichosaidia upande wenu ni kwamba kulikuwa na watu walioweza kuonyesha msitu ule una nini ndani yake, na kwera wa Kilifi alikuwa mbele kabisa katika hoja hiyo. Waambie wazee hili pia: kumbukumbu ya ndege iliyowekwa vizuri ni kinga ya ardhi. Siku mtu mwingine atakapokuja na ramani yake, nanyi muwe na yenu.

Ruzuku ndogo ya aina tunayozungumzia haimpi mfadhili haki yoyote juu ya ardhi. Inampa haki ya kupata ripoti na kuona hesabu, basi. Lakini ununuzi wa ardhi ni jambo tofauti kabisa, na watu wanavichanganya. Nature Kenya na A Rocha Kenya wote wamenunua vipande vya ardhi Dakatcha kwa fedha za wafadhili wa nje, ili mirihi na mabwawa yasiuzwe kwa wachoma mkaa. Mimi naona kazi hiyo ni nzuri, maana msitu wa Dakatcha kwa sehemu kubwa haukutangazwa hifadhi ya serikali kama Arabuko-Sokoke, na kipande kikiuzwa kimeuzwa. Ila uamuzi wa namna hiyo unafanywa na mwenye ardhi, familia yake ikijua, mipaka ikiwa imepimwa, na ardhi ya jamii ikifuata Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kikundi chenu kisijiingize kuwa dalali wa mauzo. Mkionekana mnapata chochote hapo, hata kama si kweli, hakuna mfugaji atakayewasikiliza tena juu ya bwawa.

Mkisaini makubaliano, someni yanasema nini juu ya takwimu na picha. Ombeni mstari mmoja: takwimu ni za kikundi na mfadhili kwa pamoja, na mahali hasa penye viota hapatangazwi hadharani. Wapiga picha wa ndege wanasafiri mbali kwa ajili ya kwera huyu, na si wote wana adabu kwenye kiota. Anayetaka kuja apitie kwenu, alipe mwongozaji wa kikundi, asimame mnapomwambia asimame.

Sasa fedha yenyewe, maana hapa ndipo vikundi vizuri vinapoangukia. Hawatatuma kwa M-Pesa ya mwenyekiti. Wanahitaji akaunti ya benki yenye jina la kikundi, waweka saini watatu, na jina hilo lifanane herufi kwa herufi na la cheti cha usajili. Cheti kikisema "Dakatcha" na benki iliandika "Dakacha", fedha inaweza kurudishwa ilikotoka na makato yakaliwa njiani. Kaguaneni hilo wiki hii. Kagueni pia kama usajili wenu umehuishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, na kama mna kumbukumbu za mikutano zilizosainiwa.

Risiti za mashine hufifia kwa joto la Marafa. Baada ya miezi mitatu utakuwa na karatasi nyeupe tupu. Ipige picha kila risiti siku hiyo hiyo. Kwa mwendesha boda au mama wa chakula asiye na risiti, wekeni kitabu cha vocha: tarehe, jina, kazi, kiasi, saini au dole gumba, na saini ya shahidi mmoja. Mkaguzi wa ng'ambo anaelewa kabisa kwamba boda haitoi risiti ya mashine, lakini "usafiri 38,400" bila karatasi hata moja hakuna atakayeielewa. Na kama mambo yamebadilika, mvua imechelewa au darubini zimepanda bei, waandikieni kabla ya kubadilisha matumizi. Nimeona wafadhili wakikubali mabadiliko makubwa kwa barua pepe ya mistari minne. Wakiyagundua wenyewe kwenye ripoti ya mwisho, hapo ndipo uhusiano unapokatika.

Jihadharini na matapeli. Shirika la kweli halitozi ada ya kuomba ruzuku, wala haliombi "gharama za kuachia fedha". Shirika la hisani la England au Wales lenye mapato yanayozidi pauni 5,000 kwa mwaka kwa kawaida lina namba ya usajili, na namba hiyo unaweza kuitafuta kwenye sajili ya Charity Commission mtandaoni, bure, uone wadhamini na fedha zilizoingia na kutoka. Mtu akijitambulisha kwenu kwa WhatsApp, anzieni hapo.

Msitegemee mfadhili mdogo kwa miaka kumi. Mashirika haya yanategemea watu wachache, na mweka hazina mmoja akiugua mfuko unaweza kusimama. Yatumieni kwa kile yanachokiweza sana, kuwa wa kwanza kuwaamini. Ruzuku ya kwanza ikimalizika vizuri, Rufford Foundation ya Uingereza inatoa ruzuku kwa hatua: ya kwanza, ya pili, kisha kubwa zaidi kwa aliyemaliza vizuri. Abu Dhabi kuna mfuko wa Mohamed bin Zayed unaosaidia viumbe mmoja mmoja walio hatarini, kwa ruzuku zisizozidi dola 25,000, na ndege aliye katika kaunti moja tu duniani anawahusu moja kwa moja. Huko wote swali la kwanza ni moja: mmewahi kufanya nini?

Rwanda wameipanda ngazi hiyo. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianza na jambo moja: korongo taji waliokuwa wakifugwa kwenye bustani za nyumba na hoteli. Kwa kushirikiana na serikali waliwaalika watu kuwasajili bila kuadhibiwa, wakawatibu, na wenye uwezo wa kuishi porini, zaidi ya 200, wakapelekwa hifadhi ya taifa ya Akagera. Tuzo ya Rolex ya 2014 ilikuja mwanzoni, ya Whitley ikafuata 2018. Tangu 2017 wanahesabu korongo nchi nzima kila mwaka, na idadi imezidi maradufu. Hakuomba fedha za "uhifadhi wa ndege wa Rwanda". Aliomba za korongo waliofungwa, na kila mtu alielewa.

Basi, katibu, kazi ya kwanza haihitaji mfadhili. Itisha kikao, wasomee wazee sehemu ya bwawa na mbuzi, kisha uwaombe wawatajie mabwawa yote ya msimu wanayoyakumbuka, hata yaliyokwisha kulimwa. Wao ndio wanaojua lipi hudumu na maji hadi Julai. Yachoreni kwenye karatasi ya manila, kila moja na jina lake la Kigiriama na jina la mwenye shamba. Mvua kubwa zikianza Machi au Aprili, muwe mmeshawagawa watu sita kwenye mabwawa hayo, daftari limefunguliwa, na jina la benki limelingana na la cheti. Mwezi wa saba, andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mfadhili mmoja tu, mkiambatanisha picha ya kurasa mbili za daftari, ukiwemo ukurasa wenye sifuri.